BWANA SHAMBA ANAJIBU: Pikipiki ya kwanza, ninunue ipi?



Wakati wa masika mnaniuliza juu ya mbegu, mbolea na viwavijeshi. Mahindi yakishauzwa na kahawa ikianza kulipwa, maswali hubadilika. Vijana wengi, na siku hizi akina mama pia, huniuliza: "Bwana Shamba, nataka kununua pikipiki. Ni ya kwanza katika maisha yangu. Ninunue ipi?"

Swali hili ni zuri. Kuuliza si ujinga. Pikipiki ni fedha nyingi. Kwa familia nyingi za hapa chini ya Mlima Meru, ni kitu cha bei kubwa kuliko vyote walivyonunua baada ya nyumba na ng'ombe. Tena ni chombo kinachoweza kumwua mtu siku ile ile aliyokitoa dukani.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe halikimbii kilometa 60 kwa saa. Pikipiki lazima uichague. Mwezi huu tutaona namna ya kuichagua.

1. Anza na barabara yako

Usianze na duka. Anza na barabara unayopita kila siku. Barabara za kwetu ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ya lami. Ni ile inayotoka Moshi, ikapita Usa River na Tengeru mpaka Arusha mjini, na ile inayokwenda Ngaramtoni na Namanga. Hapo karibu kila pikipiki inapita vizuri. Hatari yake ni mabasi na malori.

Ya pili ni ya kupanda mlimani, kwenye vihamba vya migomba na kahawa, kama kule Poli, Akheri na Nkoaranga. Barabara hizi ni nyembamba. Zina mawe, makorongo na miteremko mikali. Mwezi wa 4 mvua ikinyesha, udongo huteleza kama sabuni.

Ya tatu ni ya tambarare, kama kule Mbuguni. Kiangazi kuna vumbi jingi na mashimo yaliyojificha ndani ya vumbi. Masika udongo mweusi hushika tairi mpaka gurudumu halizunguki.

Jiulize: je, katika safari zangu 10, ngapi ni za lami na ngapi ni za matope? Kama nyingi ni za matope na mawe, tafuta pikipiki yenye tumbo lililo juu na tairi zenye meno. Tumbo ni sehemu ya chini ya injini. Likiwa chini sana litagonga mawe. Jiwe likitoboa sehemu ya oili, oili yote itamwagika na injini itakufa.

2. Kisha tazama kazi yako

Pikipiki ya mkulima ni chombo cha kazi, kama jembe na toroli. Je, utabeba nini? Mwenye kupeleka maziwa anabeba madebe mawili. Mwenye ng'ombe wa ndani anabeba majani. Mwenye kwenda soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi anabeba ndizi au mboga. Mwenye kufanya kazi ya bodaboda anabeba mtu.

Kwa kazi hizo, tazama kiti na keria. Kiti kiwe kirefu na kilichonyooka. Keria ya nyuma iwe ya chuma kigumu, na ifungwe kwa nati kwenye fremu yenyewe. Tazama pia shokamzoba za nyuma. Pikipiki nyingi za mizigo zina mbili, moja kila upande. Kaeni watu wawili juu ya kiti. Kama pikipiki inalala chini kabisa kabla hata ya kuanza safari, haikufaa.

Akina mama, na wote wanaovaa kitenge, kanga au shuka, watazame mnyororo. Tafuta pikipiki yenye kifuniko cha mnyororo. Baadhi ya pikipiki za India zina pia wavu wa chuma pembeni mwa gurudumu la nyuma. Wavu huo umewekwa kwa sababu ya wanawake wa huko wanaovaa sari na kukaa upande. Unatufaa na sisi. Nguo ikiingia kwenye gurudumu, inamvuta mtu chini mara moja.

3. Pikipiki na mwili wako

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Wanatazama rangi, wanasikiliza mlio, halafu wanalipa. Hawaipimi kwa mwili wao.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu hapo dukani. Usione haya. Fedha ni zako.

Jaribio la kwanza: Kaa juu ya kiti. Weka miguu yote miwili chini. Je, nyayo zinagusa ardhi vizuri? Kama unagusa kwa ncha za vidole tu, pikipiki hiyo ni ndefu mno kwa mtu anayejifunza. Siku utakaposimama kwenye mteremko wenye mawe, utaanguka nayo.

Jaribio la pili: Shuka. Isukume kwenda mbele hatua 10, kisha irudishe nyuma hatua 10, injini ikiwa imezimwa. Kama unatoka jasho dukani kwenye sakafu ya saruji, itakuwaje kwenye matope?

Jaribio la tatu: Kamata breki na klachi. Je, vidole vyako vinafika na kubana bila shida? Mtu mwenye mikono midogo asichukue pikipiki ambayo klachi yake inamshinda.

Sasa tuzungumze juu ya uzito. Sisi wakulima tunajua uzito kwa gunia. Gunia la mahindi lina kilo 100 hivi. Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa hapa kwetu zina kilo 110 hadi 130. Yaani ni gunia moja na kidogo. Ikianguka, mtu mzima mwenye afya anaweza kuiinua peke yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kushika: pikipiki ya kwanza iwe ile unayoweza kuiinua mwenyewe, maana anayejifunza ataiangusha angalau mara moja.

4. Injini kubwa au ndogo?

Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc. Utasikia watu wakisema cc 100, cc 125, cc 150. Namba ikiwa kubwa, injini ni kubwa. Ina nguvu zaidi, lakini kwa kawaida inakula petroli zaidi.

Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa pwani hawalioni. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya mlimani viko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Injini huvuta hewa na petroli pamoja, kama moto wa mkaa unavyohitaji kupepewa. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu hupungua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake.

Kwa sababu hiyo, pikipiki ya cc 100 iliyobeba watu wawili au gunia itahangaika kwenye vilima vyetu. Kwa mtu wa mlimani, cc 125 inatosha kwa safari zake na mzigo wa kiasi. Cc 150 inafaa kwa mwenye mizigo mizito au abiria kila siku. Kwa pikipiki ya kwanza hakuna haja ya kuzidi hapo.

Pikipiki ya cc 125 iliyotunzwa vizuri inaweza kwenda kilometa 40 hadi 50 kwa lita moja ya petroli. Kutoka Usa River mpaka Arusha mjini ni kilometa 20 hivi. Kwa hiyo lita moja inaweza kukupeleka na kukurudisha.

Kumbuka pia jambo hili juu ya mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, urefu unaohitajika ili breki zikusimamishe huongezeka mara nne. Ukikimbia kilometa 30 kwa saa unahitaji hatua chache. Ukikimbia 60, unahitaji hatua mara nne ya zile. Mtoto aliyetoka kichakani hawezi kukungojea.

5. Zile pikipiki kubwa za kukaa chini

Vijana kadhaa wamenionyesha picha kwenye simu. Ni picha ya pikipiki kubwa na ndefu. Kiti chake kiko chini, usukani uko juu, na dereva amenyoosha miguu mbele kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha uvivu. Pikipiki za namna hii huitwa kruza. Wengine wameziona zikipita na watalii kwenye barabara ya Namanga. Wananiuliza, "Bwana Shamba, na hii je?"

Tuseme ukweli. Kruza ni pikipiki nzuri mahali pake. Mtindo wake ulianzia Marekani, nchi yenye barabara za lami zilizonyooka kwa mamia ya kilometa. Kampuni ya Harley-Davidson, inayojulikana sana kwa pikipiki hizo, ilianza mwaka 1903. Kiti kilicho chini ni faida kwa anayejifunza, kwa sababu miguu yote inafika ardhini. Hilo si jambo dogo.

Lakini tazama mambo mengine manne.

Kwanza, uzito. Kruza kubwa nyingi zina kilo 250 hadi 300 au zaidi. Hayo ni magunia mawili na nusu mpaka matatu. Nani atakuinulia usiku kwenye korongo?

Pili, tumbo. Kruza nyingi zina nafasi ya sentimita 12 hivi kati ya tumbo na ardhi. Hiyo ni kama nusu ya shibiri. Pikipiki ya kazi ina sentimita 17 hivi. Ile ya mashambani, yenye tairi za meno, huzidi shibiri moja. Jiwe la Nkoaranga halijui kwamba pikipiki yako ni ya bei.

Tatu, mkao. Miguu ikiwa mbele, huwezi kusimama kidogo juu ya vikanyagio unapopita kwenye shimo. Pigo lote linakwenda kwenye uti wa mgongo.

Nne, spea na petroli. Kruza kubwa hutumia petroli mara mbili au zaidi ya pikipiki ya kazi. Tairi yake huipati kwenye duka la kijijini.

Ziko pia kruza ndogo, kama zile za India za cc 150 hadi 220. Hizo ni nyepesi kuliko za Marekani. Kama unakaa mjini Arusha, njia yako yote ni ya lami na hubebi mizigo, unaweza kuifikiria. Lakini kwanza muulize fundi kama spea zake zinapatikana. Kama unakaa juu kwenye migomba, iache picha kwenye simu. Jifunze kwa pikipiki ndogo. Ukishaendesha masika mawili bila kuanguka, na fedha zipo, uamuzi utakuwa wako.

6. Muulize fundi kabla ya mwuza duka

Mwuza duka atasifu kila alichonacho. Fundi wa kijijini hana sababu ya kukudanganya. Nenda kwenye kibanda chake jioni. Muulize: "Ni pikipiki gani unazozitengeneza kila siku? Spea zake unazipata wapi? Kwa siku ngapi?"

Miaka ya nyuma zilivuma za Kijapani, kama Honda, Yamaha na Suzuki. Baadaye zikaja za China, kama Toyo na SanLG. Siku hizi barabarani utaona sana za India, kama Boxer na TVS. Ubaya au uzuri hauko kwenye jina tu. Pikipiki nzuri isiyo na spea ni chuma cha kuegemea ukuta. Ukiona pikipiki 20 kijini kwako, na 15 ni za aina moja, ujue klachi, plagi na mnyororo wake zitapatikana hata Jumapili.

Muulize pia juu ya breki. Breki za dramu ni rahisi kutengeneza. Lakini kwenye mteremko mrefu hupata moto na kulegea. Breki ya diski kwenye gurudumu la mbele hushika vizuri zaidi. Lakini ina mafuta yake na pedi zake, na lazima zitazamwe. Kama kila siku unashuka kutoka mlimani na mzigo, diski ya mbele ni ya thamani.

7. Mpya au iliyotumika?

Pikipiki mpya ina kitabu chake na mara nyingi ina dhamana. Iliyotumika ni ya bei nafuu, lakini inaweza kuwa na ugonjwa uliofichwa. Ukinunua iliyotumika, nenda na fundi wako, usiende na fundi wa mwuzaji. Tazameni haya:

(a) Gusa injini kabla haijawashwa. Kama ina joto, mwuzaji ameiwasha mapema ili isikusumbue mbele yako. Rudi asubuhi nyingine.

(b) Iwashe. Tazama moshi. Moshi wa rangi ya buluu usiokoma maana yake injini inaunguza oili. Kuitengeneza ni gharama kubwa.

(c) Tazama meno ya gurudumu linalozungusha mnyororo. Kama yamekuwa makali kama meno ya msumeno, yamekwisha.

(d) Simama nyuma ya pikipiki. Tazama kama magurudumu mawili yamenyooka katika mstari mmoja. Kama hayakunyooka, fremu imepinda. Pikipiki hiyo iliwahi kugonga.

(e) Soma kadi. Namba ya injini na namba ya chesisi zilizo kwenye kadi ziwe sawa na zile zilizogongwa kwenye chuma. Jina lililo kwenye kadi liwe la mwuzaji. Kama namba zimekwaruzwa, ondoka.

Ndugu msomaji, hapa ndipo elimu yako ya kusoma inapokulipa. Zamani mtu aliambiwa "kadi iko sawa," akaamini. Wewe unaweza kusoma mwenyewe. Soma herufi moja moja na namba moja moja. Mkikubaliana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi. Kisha nenda TRA kadi ibadilishwe jina. Pikipiki yenye kadi ya mtu mwingine haijawa yako.

8. Hesabu bei yote

Bei ya dukani si bei yote. Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe uliza za kwako.

Pikipiki: shilingi 2,800,000
Kofia ngumu mbili: shilingi 100,000
Mafunzo na leseni: shilingi 200,000
Bima: shilingi 60,000
Viatu vigumu na koti: shilingi 80,000
Akiba ya oili, tairi na matengenezo: shilingi 160,000
Jumla: shilingi 3,400,000

Unaona? Mwenye shilingi 2,800,000 mfukoni hana fedha za kununua pikipiki ya shilingi 2,800,000. Akiinunua, ataendesha bila kofia, bila bima na bila leseni. Kanuni rahisi ni hii: zigawe fedha zako mafungu sita. Matano ni ya pikipiki. Moja ni la vitu vyake.

Kofia ngumu si pambo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa karibu asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Kofia iingie kichwani kwa kubana kidogo, na mkanda wake ufungwe kidevuni. Kofia iliyowahi kugonga chini kwa nguvu haifai tena.

Bima pia ni lazima kwa sheria. Lakini fahamu: bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, humlipa yule uliyemgonga. Hailipi pikipiki yako ikiibwa au ikivunjika.

9. Ng'ombe asiuzwe kwa sababu ya pikipiki

Mzee mmoja wa Meru aliniita nyumbani kwake. Mwanawe alitaka ng'ombe wa maziwa na mtamba wake wauzwe, inunuliwe pikipiki ya bodaboda. Mama yake alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwa nguvu kuliko kawaida.

Kijana alisema, "Baba, pikipiki inaleta fedha kila siku."

Mzee akasema, "Na ng'ombe je?"

Tukachukua daftari. Ng'ombe alikuwa anatoa lita 8 kwa siku. Lita 2 zilibaki nyumbani kwa watoto. Lita 6 ziliuzwa. Tukachukua bei ya shilingi 1,000 kwa lita, ikawa shilingi 6,000. Tukatoa pumba, chumvi na dawa, shilingi 2,500. Zikabaki shilingi 3,500 kwa siku, au shilingi 105,000 kwa mwezi wa siku 30. Hapo hatujahesabu samadi ya migomba na kahawa. Hatujahesabu ndama.

Kisha tukahesabu pikipiki. Inaleta fedha nyingi kwa siku kuliko ng'ombe. Hilo ni kweli, na nilimwambia kijana kwamba ana haki. Lakini inaleta fedha siku ile tu inapotembea na dereva akiwa mzima. Inakunywa petroli kila siku. Inakula tairi, mnyororo na oili. Kila mwaka thamani yake inashuka. Na pikipiki haizai ndama.

Mama ndipo aliposema, "Mwanangu, nunua pikipiki kwa maziwa ya ng'ombe. Usiinunue kwa ng'ombe mwenyewe."

Sikuwa na neno la kuongeza. Waliuza dume lao, si jike. Kijana akaweka akiba yake ya vibarua juu yake, na baadaye akanunua pikipiki iliyotumika ya cc 125. Ng'ombe yupo mpaka leo.

Wako pia vijana wanaochukua pikipiki kwa mkataba. Tajiri hununua pikipiki. Kijana huendesha na kumpelekea hesabu kila siku, mpaka ikawa yake. Ni njia halali, lakini piga hesabu kwanza. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa wiki ni shilingi 60,000. Kwa wiki 60 ni shilingi 3,600,000. Kama pikipiki hiyo dukani ni shilingi 2,800,000, umelipa shilingi 800,000 zaidi. Huenda inafaa, kwa sababu hukuwa na fedha za kuanzia. Lakini mkataba uandikwe. Useme nani analipa matengenezo, itakuwaje ukiugua, itakuwaje pikipiki ikiibwa, na kadi utapewa lini. Usitie sahihi karatasi ambayo hukuisoma mpaka mwisho.

10. Leseni na mwezi wa kwanza

Leseni ya pikipiki ina madaraja. Daraja A ni la pikipiki zinazozidi cc 125. Daraja A1 ni la zile zisizozidi cc 125 na zisizo na kigari cha pembeni. Kwa hiyo ukichagua injini, umechagua na leseni. Jifunze kwenye shule ya udereva iliyosajiliwa. Rafiki atakufundisha kuondoka. Mwalimu atakufundisha kusimama.

Mwezi wa kwanza fuata mambo haya:

Usibebe abiria. Jifunze kwanza kujibeba mwenyewe. Na hata baadaye, abiria ni mmoja tu, naye avae kofia. Kubeba mishikaki ni kosa, na ni kuua.

Usishuke mlima ukiwa umezima injini au umetoa gia ili kubana petroli. Shuka na gia ndogo. Injini itakusaidia kuzuia. Ukiiachia, mzigo wote unakwenda kwenye breki, nazo zitapata moto.

Tumia breki zote mbili pamoja. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwenye matope ibane polepole, usiikamate ghafla.

Usiendeshe usiku mpaka umezoea mchana. Na pombe na pikipiki visikae siku moja.

Oili ya kwanza ya pikipiki mpya hubadilishwa mapema, mara nyingi baada ya kilometa 500. Soma kitabu chake kipo kwa ajili yako.

Kwa ufupi

Pikipiki nzuri ya kwanza si ile inayogeuza shingo za watu barabarani. Ni ile inayopita kwenye barabara yako, inayobeba mzigo wako, unayoweza kuiinua ikianguka, ambayo fundi wa kijijini anaijua, na ambayo haikuondoa ng'ombe zizini.

Maswali ya kuzungumza darasani au kikundini

1. Barabara za kijiji chetu ni za aina gani? Ni pikipiki gani inazifaa?
2. Je, pikipiki ya kilo 250 ni sawa na magunia mangapi ya mahindi?
3. Mtu ana shilingi 3,000,000. Akifuata kanuni ya mafungu sita, anunue pikipiki ya bei gani?
4. Kwa nini mama yule alikataa ng'ombe asiuzwe? Je, alifanya vizuri?
5. Leteni kadi moja ya pikipiki darasani. Kila mtu asome jina, namba ya injini na namba ya chesisi.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha na kuhifadhi majani ya ng'ombe kwa ajili ya kiangazi. Endesheni polepole tuonane.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu